Mkanda Wenye Upande Mmoja

Andika kwanza habari za ngozi, mjukuu wangu, kwa sababu asiyeijua ngozi hataelewa yanayofuata. Ngozi ya ng'ombe ikishawambwa na kukauka ni kitu kipana kilicholala chini, basi. Lakini mtu mwenye kisu kikali na mkono usiotetemeka anaweza kuanzia ukingoni, akakata utepe mwembamba kama kidole, akazunguka nao raundi baada ya raundi akielekea katikati, asinyanyue kisu mpaka ngozi yote iishe. Mwishoni hakuna tena kitu kipana. Kuna kamba moja. Baba yangu alinionyesha jambo hilo nikiwa bado nachunga ndama. Alikata hivyo ngozi ya fahali mmoja, akafunga ncha ya kamba kwenye nguzo ya lango, tukalizunguka zizi zima na ng'ombe wakiwa ndani, tukarudi langoni huku kamba nyingine bado imejaa mikononi mwake. Ngozi ambayo asubuhi ilitosha kulaliwa na watu wawili, jioni ilikuwa imezunguka mali yote ya ukoo. Tangu siku hiyo nilijua kwamba umbo la kitu si tabia yake yote.

Mimi sikukaa darasani hata siku moja. Hesabu yangu ilikuwa ya vidole, shubiri na hatua. Kazi yangu ilikuwa kukata makatambuga kutoka kwenye matairi mabovu ya malori ya pamba, na kushona mikanda ya nira, ile inayopita chini ya shingo ya maksai wakati wa kulima. Mikanda hiyo ina desturi yake. Ngozi ina upande wa manyoya, ambao ni imara, na upande wa nyama, ambao hunywa jasho na kuoza upesi. Ukiunganisha ncha mbili zikiwa zimelala vilevile, upande wa nyama utagusa shingo ya ng'ombe msimu mzima, na mkanda utakatika kabla ya palizi. Kwa hiyo baba yangu alinifundisha kwamba ncha moja igeuzwe chali mara moja, ndipo ishonwe na mwenzake. Mkulima husogeza mkanda kidogo kila asubuhi, na pande zote hupokezana kazi. Nilishona mikanda ya namna hiyo miaka mingi, mkono wangu ukigeuza ncha bila kunitaka ruhusa. Kwa nini pande zilipokezana, sikujiuliza.

Sasa andika habari za mashine.

Tulikuwa tumehamishiwa kwenye kijiji kipya, nusu siku kwa baiskeli kutoka Kahama, ng'ambo ya Buzwagi, kabla ya mgodi, wakati ambapo huko kulikuwa na malisho na miti ya miiba tu. Kijiji kilipata mashine ya kusaga. Injini yake ya dizeli ilisimikwa nje, chini ya kibanda cha bati, kwenye msingi wa saruji. Mashine yenyewe ilikuwa chumbani. Na kati yao ulipita mkanda mrefu wa mpira, uliopenya tundu la ukutani, ukitoka puli ya injini kwenda puli ya mashine na kurudi. Wanawake waliipenda mashine ile kuliko walivyotupenda sisi. Mawe ya kusagia yaliachwa kule tulikohama, na hakuna aliyeyarudia.

Kisha mkanda ulikatika. Ilikuwa miaka ile baada ya vita, ambapo dukani hapakuwa na sabuni, seuze mkanda wa mashine. Mwenyekiti aliandika barua, akajibiwa asubiri. Wiki hiyohiyo bibi yako alianguka kutoka kwenye mkokoteni akavunjika mkono wa kulia. Dada wakubwa wa mama yako walikwisha kuolewa, na yeye alikuwa darasa la saba. Basi mama yako ndiye aliyebeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili, alfajiri mpaka alasiri, na siku nyingine akakuta foleni imemshinda, akalazimika kurudi kesho yake.

Utaniuliza kwa nini sikwenda mimi. Wakati ule mwanamume hakuonekana kwenye foleni ya mashine na debe la mahindi, nami sikuwa na ushujaa wa kuwa wa kwanza. Andika hivyohivyo, usinipambie.

Jumatatu moja mwalimu mkuu alikuja nyumbani. Alikataa kiti.

"Mzee, binti yako amekosa shule siku kumi na moja mwezi huu."

"Nyumba lazima ile, mwalimu."

"Ni kweli, lazima ile. Lakini majina ya watakaofanya mtihani nayapeleka wiki ijayo. Jumatatu nisipomwona darasani, simwandiki. Nimekuja kukuambia mwenyewe ili usije ukasikia kwa watu."

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Mwalimu alipoondoka, alichukua daftari lake kutoka juu ya kabati, akalitazama kidogo, akaliweka juu ya mtungi wa maji pale ambapo kifuniko kilikuwa kimevunjika. Nilikiona kitendo kile. Niliyaelewa maneno ya mwalimu pale tu daftari lilipogeuka kifuniko cha mtungi.

Kesho yake nilisimama mkutanoni nikasema kwamba nitashona mkanda wa ngozi, na kwamba Jumamosi mashine itasaga.

"Wewe wa makatambuga?" aliuliza jirani yangu mmoja. "Utaivalisha mashine viatu?"

"Ikishavaa, itakimbia," nikamjibu. "Wewe vaa vyako ambavyo hujavilipia."

Watu walicheka, na mwenyekiti akasema haidhuru, atamtumia salamu fundi wa mashine aliyekaa Nyasubi, pale Kahama mjini, aje Jumamosi aufunge.

Nilikuwa na ngozi mbili tu: moja ya maksai aliyekufa kiangazi, na nyingine aliyokuwa akilalia bibi yako. Alikaa kibarazani, mkono wake umefungwa shingoni kwa kanga, akanitazama nikiinyoosha.

"Unakata kitanda changu," akasema.

"Utalalia unga."

"Wa nani? Wa kijiji cha pili?"

Nilikuwa nafikiri. Mtu asiyejua angezungusha kisu kama baba yangu alivyofanya siku ya zizi, akapata mkanda mrefu usio na kiungo. Kwa kamba nyembamba hiyo ni sawa. Kwa mkanda wa upana wa vidole vinne ni kosa, kwa maana utepe uliokatwa kwa kuzunguka una ukingo wa nje mrefu na ukingo wa ndani mfupi. Ukiuvuta unyooke, ukingo mmoja unakaza na mwingine unalegea kama midomo ya mzee asiye na meno. Kwenye puli ungeteleza na kuanguka. Kwa hiyo nilivuta uzi ulionyooka kutoka shingo hadi mkia, nikakata vipande virefu sambamba na uti wa mgongo, viwili kwa kila ngozi. Nikavipaka mafuta, nikavikanda kwa miguu. Ncha nilizinyoa kwa mteremko wa shubiri nzima ili zikilaliana zisiwe na nundu, nikazigandisha kwa gundi ya ngozi iliyochemshwa, nikazishona kwa msharasi, chuma changu cha kutobolea. Siku nne sikufanya kazi nyingine. Ijumaa alasiri nilishona kiungo cha mwisho, huku masikio yakiwa njiani, nikisikiliza kama mwalimu atapita.

Hapo ndipo nilipokosea, nami sikujua.

Fundi alifika Jumamosi asubuhi kwa baiskeli, kofia yake ya kufumwa ikiwa nyeupe kana kwamba vumbi la barabara ile lilimheshimu. Babu zake walitoka pwani na msafara, naye alizungumza Kiswahili kilichonyooka, chenye adabu hata kikikutukana. Wanawake walikwisha kupanga madebe na mabeseni mstari mrefu. Mama yako alikuwa wa saba, na mahindi yetu, na mkononi alikuwa na kipande cha makopa, ile mihogo mikavu, ambacho alikuwa akikiguguna.

Fundi alipenyeza mkanda tunduni, akauzungusha kwenye puli zote mbili. Kisha akainama.

"Mzee wangu, huu umepinda."

"Haujapinda. Nimeukata kwa uzi."

"Sisemi kingo zake. Tazama hapa, upande wa juu. Umeupindua kabla ya kushona."

Nilitazama, na mkono wangu ukaitambua kazi yake. Nilikuwa nimegeuza ncha moja chali, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Nilikuwa nimeshona mkanda wa nira wenye urefu wa hatua tisa.

"Mwiteni maksai aje auvae!" alipaza sauti mwanamke mmoja katika foleni, na kicheko kikaenda mpaka mwisho wa mstari na kurudi.

"Fumua kiungo kimoja, ushone upya," fundi akasema kwa upole.

"Hakifumuki. Kimeshika kwa gundi shubiri nzima. Nikikikata, mkanda utapungua, na injini yako imekaa kwenye saruji, haisogei."

"Ngozi nyingine?"

"Ngozi nyingine bado inatembea malishoni."

Fundi alijifuta mikono. "Basi hauendi, mzee wangu. Mkanda uliopinda hugeuza mwendo. Mashine itazunguka kinyume, iyateme mahindi badala ya kuyasaga. Na tena haijulikani upande gani utagusa puli. Unatakiwa wa manyoya."

Sikumtazama mama yako. Nilisikia tu beseni likiwekwa chini. Alitoka katika mstari, akamwamkia fundi shikamoo, akaitikiwa marahaba, akasema:

"Niutie alama upande wa manyoya, tujue unapotelea wapi."

Fundi alicheka kidogo, lakini alimruhusu. Mama yako aligandamiza kile kipande cha makopa juu ya ngozi, katikati ya upana wake, na fundi akauvuta mkanda taratibu upite chini ya mkono wake. Makopa yanaandika meupe kama chaki. Mstari ulikwenda, ukapita mpindo, ukaingia tundu la ukuta, ukatoka. Kiungo cha mwisho kiliporudi pale alipoanzia, mstari ulikuwa upande wa chini na juu hapakuwa na kitu. Hakusimama. Fundi aliendelea kuvuta. Mkanda ulizunguka mara ya pili, na mstari ukaja ukakutana na mwanzo wake sawasawa, kama mtu aliyezunguka kilima akarudi mlangoni kwake. Pande zote mbili zilikuwa zimechorwa.

"Baba, sijanyanyua mkono," akasema.

"Umevuka ukingo."

"Sijavuka."

"Umevuka. Kitu cha ngozi kina pande mbili. Hata wewe una mgongo na tumbo."

Watu wakacheka tena. Mama yako alikuwa mtoto wa kuinamisha macho mbele yangu, lakini siku hiyo hakuyainamisha.

"Basi nionyeshe upande wa pili, baba. Uko wapi?"

Ningeweza kumrudisha nyumbani kwa neno moja, na hakuna ambaye angenilaumu. Badala yake nilipaka kidole gumba masizi ya injini, nikakiweka kwenye ukingo, kwa maana nilitaka kumshinda kwa kitu ambacho yeye hakukitazama. Nikamwambia fundi avute. Nilianza na ukingo wa kulia. Mkanda ulipomaliza mzunguko mmoja, kidole changu kilikuwa kwenye ukingo wa kushoto, nami sikuwa nimekitoa popote. Ulipomaliza wa pili, kilikuwa kimerudi kwenye masizi ya kwanza. Mkanda ule haukuwa na kulia wala kushoto. Ulikuwa na ukingo mmoja na upande mmoja. Nilikuwa nimeshona vitu vya namna ile tangu ujana wangu, na ilibidi mtoto mwenye kipande cha mhogo anionyeshe nilichokuwa nikishona.

"Zungusha kwa mkono," nikamwambia fundi.

"Nimekwambia utageuza mwendo."

"Zungusha."

Akashika gurudumu la injini akalizungusha polepole, na chumbani wanawake wakapiga kelele kwamba puli ya mashine inakwenda. Fundi aliingia, akatazama, akatoka, akazungusha tena, akaingia tena. Ilikuwa inakwenda kulekule inakotakiwa. Alivua kofia, akajikuna.

"Mkanda wa kugeuza mwendo, njia zake mbili hupishana katikati," akasema, zaidi akijiambia mwenyewe. "Hizi hazipishani. Moja imejilaza chali tu, basi. Na manyoya yatagusa puli, kisha nyama, kisha manyoya." Akamgeukia mama yako. "Wewe uko darasa la ngapi?"

"La saba. Kama mwalimu ataniandika."

Fundi aliuondoa mkanda, akaufunga tena ili mpindo uwe kwenye njia inayolegea, akawasha injini. Mwanzo ngozi ililalamika na kusogea ukingoni mwa puli, na mtu mmoja akarudi nyuma nyumba tatu. Kisha ikatulia katikati, ikaanza kuvuma. Ule mstari mweupe ulionekana ukicheza mbele ya macho, mara juu mara chini. Mahindi ya kujaribia yalimwagwa, na unga ukashuka mfukoni.

"Unanuka zizi!" alisema yule mwanamke wa maksai, akiuonja kwa ncha ya kidole.

"Utakula bila mboga," mwingine akamjibu, "nyama imo humohumo."

Walimpitisha mama yako mbele, akasaga wa kwanza. Nililitwaa beseni la unga kutoka mikononi mwake na kulibeba mwenyewe hadi nyumbani, na kila tuliyekutana naye aliniona. Njiani nilimwambia maneno machache tu.

"Jumatatu usishike debe."

"Nishike nini?"

"Unakijua."

Alilitoa daftari juu ya mtungi. Jalada lake lilikuwa limebaki na alama ya duara ya maji, iliyotimia pande zote. Jumatatu alikwenda nalo shuleni, na mwalimu akamwandika.

Fundi alikuwa ametabiri kwamba ngozi ile itadumu wiki tatu. Alirudi mwezi ulipokwisha, akaupapasa mkanda mahali pengi, akasema mikanda ya ngozi aliyoizoea huisha upande mmoja huku mwingine ukiwa mpya, lakini huu umeisha kidogo kila mahali, na kila mahali sawasawa. Aliniagiza mwingine kwa mashine ya Nyasubi. "Uupindue vilevile," akasema, "na kama huwezi, umwite binti." Mkanda ulivuka mavuno ya pamba, ulivuka mtihani, ukafika mvua za kwanza, hapo ngozi ilianza kunywa unyevu na kurefuka, nami nikawa naukaza kila juma. Ndipo mkanda wa mpira uliosubiriwa ukaletwa, nao wa ngozi nikarudishiwa.

Habari ya kwamba mama yako amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, Shinyanga mjini, ilikuja katika juma lilelile. Bibi yako, ambaye mkono wake ulikwisha kupona, alipiga vigelegele hadi kuku wakapanda juu ya paa. Mimi nilikwenda uani kufanya kazi. Niliutandaza ule mkanda, nikaona nikiupasua katikati kwa urefu nitapata miwili myembamba, ambayo nitaikata niuze kwa wenye maksai, nimnunulie mama yako blanketi. Nilipitisha kisu katikati, juu ya alama za ule mstari wake zilizokuwa zimebaki, nikauzunguka wote mpaka kisu kikakutana na kilipoanzia. Kisha nikainua nusu moja ili niiweke kando, na nusu nyingine ikaja nayo.

Hazikuwa nusu mbili. Ulikuwa mkanda mmoja, mwembamba, mrefu mara mbili.

"Baba," mama yako akasema nyuma yangu, "umekata vibaya?"

"Nimekata vizuri," nikasema, na nikacheka mbele ya mtoto wangu, jambo ambalo sikuwa na desturi nalo. Alichuchumaa, akaupitisha kidole kote, akaniambia kwamba safari hii una pande mbili. Kisu kimeurudishia upande wake. Tulikaa pale tukiugeuzageuza mpaka chai ikapoa.

Sikuukata tena. Sanduku lake la bati lilikuwa limevunjika komeo, kwa hiyo nililizungushia mkanda ule, mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu, nikaupachika kijiti cha kukazia. Blanketi nililipata kwa njia nyingine. Alipanda lori la pamba, akaketi juu ya sanduku, na nilimwambia asiufungue mkanda mbele ya watu wasioelewa, watamchelewesha.

Sanduku hilo liko chumbani kwa mama yako mpaka leo. Umelikalia mara nyingi bila kulitazama. Yeye sasa anafundisha hesabu watoto wa watu, na anadai kwamba mkanda ule ukipasuliwa tena kwa urefu, hautarefuka: utatoa mikanda miwili iliyoshikana, mmoja ndani ya mwingine, isiyoachana mpaka ikatwe. Nimemwambia simwamini. Amenijibu kama alivyonijibu siku ile ya mashine, bila kuinamisha macho.

Weka kalamu chini. Nenda kaniletee ule mkanda, na kisu changu kilicho juu ya mlango. Mwite na mama yako. Mtu mwingine asitazame kabla yake.